Farasi jike mgeni shambani: nipime damu, nitafute mwenye ultrasaundi, au nisubiri dalili?

Mfugaji wa Gilgil

Wanajukwaa, natumaini hamjambo. Wiki 9 zilizopita nilinunua farasi jike wa umri wa miaka 9 hivi kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama shamba, na kwa kuwa alikuwa na haraka, sikupewa kumbukumbu yoyote ya maandishi. Saisi aliyemtunza ndiye aliyenidokeza baadaye kwamba jike huyu alikuwa akilisha pamoja na dume hadi siku ile alipopakiwa kwenye lori.

Tumbo lake limeshuka chini kuliko nilivyolizoea kwa farasi wangu wengine, kiwele bado ni kidogo na kikavu, na tangu afike hajaonyesha joto hata mara moja, ijapokuwa dume la jirani hupitishwa karibu na ua kila asubuhi. Nimeshauriwa njia tatu: kupeleka damu maabara, ambayo ndiyo nafuu kwangu na ndiyo ninayoielekea, kumwita daktari mwenye mashine ya ultrasaundi, ambaye itabidi asafiri kutoka Nairobi, au kusubiri tu dalili zijitokeze zenyewe. Naomba mnilinganishie kabla sijatoa fedha.

Mama Malisho, Limuru

Ndugu yangu, nianze na hiyo njia ya kusubiri, kwa sababu imenigharimu. Niliwahi kununua jike mwenye tumbo la kuning'inia, nikamwongezea chakula kwa miezi mitatu nikimtarajia mwana farasi, kumbe tumbo lilikuwa la minyoo na majani makavu yasiyo na lishe, na mbavu zake zilikuwa zikihesabika huku mimi nikilitazama tumbo peke yake. Jike aliyezaa mara nyingi naye hubaki na tumbo lililolegea hata akiwa hana kitu ndani.

Joto nalo si ushahidi wa kutegemea. Kwa kawaida huja kila baada ya siku 21 hivi na kudumu siku 5 hadi 7, lakini wako wanaolificha, hasa wakiwa wageni mahali na bado wana woga, na wako wenye mimba ambao humchezea dume kana kwamba hawana. Kiwele huanza kujaa wiki 2 hadi 6 kabla ya kuzaa, na ile nta inayoganda kwenye ncha za chuchu mara nyingi huonekana siku 1 hadi 4 kabla. Kwa hiyo macho yako yatakupa jibu la hakika wakati ambao ulipaswa kuwa umeshatayarisha banda.

Daktari wa mifugo mstaafu

Nakubaliana na Mama Malisho, nami nitaongeza jambo ambalo muulizaji hakulitaja: unapeleka damu ikapimwe nini? Wengi husema "kipimo cha damu" kana kwamba ni kimoja.

Kipimo cha projesteroni hakikufai, maana homoni hiyo hupanda hata kwa jike asiye na mimba pindi joto linapopita. Kipimo cha eCG hutafuta homoni inayotengenezwa na vijikombe vinavyoota ndani ya mji wa mimba kuanzia siku ya 35 au 37 hivi, nacho hufaa kati ya siku ya 40 na ya 120. Kasoro yake ni kwamba vijikombe hivyo huendelea kutoa homoni hata kama kijusi kimekwisha kufa, hivyo unaweza kupewa ndiyo ya uongo. Kipimo cha tatu ni cha estroni salfeti, ambayo hutoka kwa kijusi pamoja na kondo lake, na kwa hiyo kikipatikana kwa kiwango kikubwa baada ya siku 100 hivi, unaweza kuamini kwamba kilichomo kiko hai.

Wiki 9 ni siku 63, na ukizitazama hivyo utasema eCG inafaa kabisa. Hapo ndipo ninapokuomba usite. Siku 63 ni tangu alipoachana na dume, wala si tangu alipopandwa. Kama walilisha pamoja kwa mwaka mzima, huenda alishika mimba miezi mingi kabla hujamwona, na akiwa amevuka siku ya 120 kipimo hicho kitakujibu hapana ilhali mtoto yumo. Ungekuwa una hakika ya siku ya kupandwa ningekuruhusu damu bila kusita. Kwa hali yako nachagua ultrasaundi, ambayo kwa kupitia njia ya haja kubwa huonyesha mimba tangu siku ya 14 hadi 16, na ikiwa kubwa zaidi huonekana pia kwa kupima tumboni kwa nje. Kupapasa kwa mkono nako kunafaa kwa daktari mzoefu, ila karibu na mwezi wa 5 hadi wa 7 kijusi huzama mbele ya nyonga na mkono unaweza usikifikie.

Mwana wa Amu

Daktari, shikamoo. Mimi ni mtu wa punda, wala sina farasi, lakini huku kwetu Lamu swali hili tunalo kila siku, kwa kuwa punda jike huuzwa na kununuliwa bila mtu kuuliza alikuwa na nani. Mashine hatuna mkononi, kwa hiyo tunachofanya ni kumhesabu kila jike mgeni kuwa ana mimba mpaka ithibitike vinginevyo: hapakiwi mawe ya matumbawe, hadungwi sindano yoyote kabla daktari hajaambiwa kuhusu shaka hiyo, na tunasubiri. Punda hubeba mwaka mzima au zaidi kidogo, tofauti na farasi ambaye hubeba siku 340 hivi, kwa hiyo subira yetu ni ndefu kuliko yenu.

Nina swali moja kwa muulizaji. Je, katika malisho yale walikuwako punda dume?

Daktari wa mifugo mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo la maana kuliko linavyoonekana. Farasi jike aliyebeba mimba ya punda hutoa eCG kidogo sana kuliko aliyebeba mimba ya farasi, hivyo kipimo hicho kinaweza kumkosa hata katika siku zake zinazofaa. Ni sababu ya pili ya kuiacha.

Mfugaji wa Gilgil

Nawarudia baada ya siku 12. Nimefuata ushauri, na daktari alikuja jana na mashine ya kubeba mkononi. Tulimweka jike kwenye kizuizi cha mbao, saisi akamshika kichwa, na daktari akaanza kwa njia ya haja kubwa. Kwa dakika kadhaa kiooni palikuwa na kijivu tu na maji meusi. Kisha akatulia, akaniita nisogee, akanionyesha duara jeusi lenye ukingo mweupe. Lilikuwa jicho. Alilipima kipenyo, akalinganisha na jedwali lake, akasema mimba ni ya miezi 7 hivi, na kwamba makadirio ya aina hii yanaweza kukosea kwa wiki kadhaa.

Kwa maneno mengine, alifika kwangu akiwa na mimba ya karibu miezi 5, na damu ile ningeipeleka kupimwa eCG ningeambiwa hana kitu, nami ningemrudisha kwenye kazi ya kupanda milima. Sasa kazi nzito imesimamishwa, na chakula nitamwongezea kidogo kidogo kuelekea miezi mitatu ya mwisho, ambapo mtoto hukua kwa kasi.

Kuhusu swali la Mwana wa Amu, nilimpigia simu saisi wa zamani. Alicheka kwanza, kisha akakiri kwamba ua ulikuwa umebomoka upande wa mtoni na punda dume wa majirani alikuwa akiingia apendavyo. Daktari hakuweza kuniambia lolote juu ya hilo, kwa kuwa masikio hayakuonekana kiooni.