Naomba ushauri: Ronda kwa siku moja nikiwa na mama

Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa.

Nipo Málaga, Hispania, kwa wiki moja na mama yangu mzazi (miaka 68, goti la kulia linamsumbua). Alhamisi tunataka kwenda Ronda, ule mji wa kale wa milimani uliokatwa katikati na korongo la El Tajo. Mama ameona picha ya daraja la Puente Nuevo, lile lililokamilika 1793, lenye kimo cha karibu mita 100 kutoka mtoni, na sasa haongei kingine.

Ni kama kilomita 100 tu, lakini barabara ina kona nyingi na mama hutapika kwenye kona. Nimefikiria treni, ila za moja kwa moja ni chache na saa zake hazitupi muda wa kutosha kule. Gari la kukodi nimelikataa mwenyewe. Kuendesha upande wa kulia milimani, hapana.

Kuvuka daraja haina shida. Kinachonitisha ni kushuka: bafu za Kiarabu ziko chini kabisa karibu na mto, na kupanda kurudi ndiyo kazi. Zile ngazi za kwenye mwamba, La Mina, tumeshaziacha.

Kwa waliofika:

Basi au treni, kwa mtu anayetapika safarini?

Je, teksi inaweza kutufikisha hadi mlangoni pa bafu na kuturudisha juu, au mama abaki bustanini Alameda del Tajo nishuke peke yangu?

Natanguliza shukrani.