Yoga ya kwenye kiti: wenye magoti, mgongo na ganzi, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Tanga

Wakuu, salaam kwenu. Mama yangu magoti yamesagika. Mkeka ameuacha, hata swala siku hizi anaswalia kwenye kiti. Kila nikimtajia mazoezi jibu lake lilikuwa moja: "Mwanangu, nikishuka chini nani atanipandisha?" Yoga ya kwenye kiti imelimaliza swali hilo, kwa sababu hakuna kushuka.

Tunafanya baada ya alasiri, kwenye kiti kile kile anachoswalia. Anasogea mbele kidogo mgongo usiegemee, nyayo zote mbili sakafuni, mikono juu ya mapaja. Ananyoosha mguu wa kulia mpaka goti linyooke, vidole anavivutia kwake, hapo paja linakaza mpaka unaliona chini ya kanga. Anavuta pumzi mbili tatu, anaushusha taratibu bila kuudondosha, kisha wa kushoto. Halafu anainua mikono huku akivuta pumzi, anaishusha huku akiitoa. La mwisho ndilo analolipenda: mkono wa kushoto juu ya goti la kulia, anageuka polepole kutazama nyuma ya bega.

Faida niliyoiona kwa macho yangu: zamani hakunyanyuka kitini bila kupewa mkono. Sasa anavuta nyayo nyuma, anainama mbele, anasimama. Maumivu hayajaisha, sitaki kumdanganya mtu. Ila kwenda msalani usiku bila kumwamsha mjukuu, kwake hiyo ni heshima imerudi. Karibuni, ninyi mmeona nini?

Fundi nguo, Kariakoo

Mkuu umenigusa. Tangu nifunge mota kwenye cherehani, miguu haina kazi, inakaa tu kutwa. Jioni vifundo vimevimba, soksi ikivuliwa inaacha mfereji. Sasa nikimaliza nguo, kabla sijashika nyingine, napandisha visigino na kuvishusha, nazungusha mabega, nafumbata vidole nyuma ya mgongo nifungue kifua. Uvimbe umepungua sana na shingo haikazi kama zamani. Kuna mteja wangu akija kusubiri gauni lake anavuta kigoda tunafanya wote.

Mtoa mazoezi tiba

Fundi, sababu yake ni hii: misuli ya nyuma ya mguu ikikaza inasukuma damu kurudi moyoni. Ukikaa bila kuitumia, damu na maji vinatuama chini. Lakini ukiona mguu mmoja tu umevimba na unauma, au uvimbe unakuja na kukosa pumzi, usifanye zoezi lolote, wahi hospitali.

Na wengine msikilize. Mwenye mifupa dhaifu asijisokote kwa nguvu wala asijikunje sana mbele. Mwenye presha isiyotulia au presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya magoti. Aliyebadilishiwa nyonga afuate masharti aliyopewa na daktari wake. Msibane pumzi, na kizunguzungu kikija acha hapo hapo.

Mama wa Tanga anafanya jambo sahihi kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuweka mwili sawa usiyumbe, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Akizoea, asimame nyuma ya kiti, akishike, ainue mguu mmoja mmoja. Miguu haiwezi kujifunza kumbeba mtu akiwa ameketi muda wote.

Dada wa Morogoro

Samahani wapendwa, mimi ni mlokole. Hii si ibada ya Wahindi? Mgongo unaniua, ila sitaki kujiingiza nisikokujua.

Mwanzisha uzi, Tanga

Dada yangu, swali lako ni la haki. Asili yake ni India na wako wanaoifanya kwa ibada, hilo si la kuficha. Sisi tunachukua mkao, kunyoosha viungo na pumzi, basi. Hakuna wimbo wala neno tunalotamka. Hata kutumia kiti si jambo la jana: B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki 2014, alitumia viti, mikanda na matofali ya mbao kwa wanafunzi ambao mwili haukuwaruhusu. Roho ikikataa bado, mnyooshe mgongo hivyo hivyo na uite mazoezi ya viungo. Usikae na maumivu.

Mwana wa Mombasa

Mzee wangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Tulimuuliza kwanza mtaalamu wake, akaturuhusu. Mzee hufumbata vidole, mkono mzima ukaubeba ule mgonjwa mpaka usawa wa kifua. Mimi husimama upande wake dhaifu, siondoki hata simu ikilia. Mkono haujarudi ulivyokuwa, lakini bega halimuumi kama awali, na akivalishwa shati haguni tena.

Mtanzania, Minnesota

Nafanya kazi nyumba ya wazee huku Marekani, na yoga ya kitini iko kwenye ratiba ya wiki. Wamo waliosahau majina ya watoto wao. Ukiwapa maelezo hawakufuati. Ukikaa mbele yao ukainua mikono bila kusema neno, nao wanainua. Kuna bibi mmoja hatoki chumbani kwa lolote lile, ila akiona viti vimepangwa duara anakuja mwenyewe na kigari chake cha kutembelea. Ndugu zangu, wazee wetu nyumbani tunawaketisha barazani tukidhani kupumzika ndiko kuwatunza. Tukae nao, tuwainulie mikono.

Mwenye sukari, Dodoma

Mimi nyayo zina ganzi. Nafanya peku, na hapo ndipo ninapozikagua, hata katikati ya vidole. Nilishakiona kidonda kidogo ambacho sikukisikia kabisa, kikatibiwa mapema. Dawa zangu nameza kama kawaida, ila usingizi umekuwa mzuri nikifanya jioni na kutoa pumzi polepole.

Mjukuu wa Moshi

Nataka kumwanzishia bibi. Ni mfupi, miguu inaning'inia. Na hapa tuna viti vya plastiki tu.

Mwanzisha uzi, Tanga

Cha plastiki kwenye marumaru usikiamini, miguu yake inapanuka na kuteleza. Azima cha mbao chenye miguu minne, kisicho na mikono wala magurudumu, mgongo wa kiti uuegemeze ukutani. Chini ya nyayo weka ubao mpana usiocheza, magoti yakae usawa wa nyonga. Akitaka kusimama utoe kwanza, asije akajikwaa. Soksi avue. Anza na pumzi na mikono peke yake, miguu mwongezee akiomba mwenyewe.