Naomba ushauri: draiva za laptopu na mtandao unaokatika

Wakuu, hamjambo. Niko Kisauni, Mombasa. Nina Dell Latitude 7490 ya mkono wa pili, imewekwa Windows 11 upya na sasa haishiki Wi-Fi; naona imekosa draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) kadi ya Wi-Fi ina alama ya manjano, na namba ya kifaa ina VEN_8086, ambayo ni namba ya kampuni ya Intel, kwa hivyo hiyo kadi ni ya Intel.

Fundi mmoja wa Mwembe Tayari anataka kuniwekea programu ya "kutafuta draiva zote" kutoka kwa flashi yake. Roho yangu inakataa. Flashi hiyo imepita kwa mashine za mji mzima, na programu za aina hiyo nyingi huja na matangazo na vitu ambavyo hukuomba. Naona afadhali nichukue kwa tovuti ya Dell kwa kutumia Service Tag (namba ya utambulisho wa mashine) iliyo chini ya laptopu, au kwa Intel wenyewe.

Shida ni kasi. Nimeunganisha simu kwa waya wa USB, lakini jioni mtandao unakuwa wa kobe. Faili kubwa inafika nusu, inakatika, inaanza upya, na bando ndiyo hiyo imeyeyuka.

Nasikia curl, programu ya kupakua faili kwa kuandika amri, imo ndani ya Windows, na ukiiandikia -C - inaendelea ilipokomea. Kuna aliyeijaribu kwa faili za draiva? Na nikishamaliza kupakua, kuangalia sahihi ya aliyeitengeneza faili kwenye Digital Signatures (ndani ya Properties za faili) kunatosha, ama kuna la zaidi?