Siasa na michezo ya kimataifa: anayelipa gharama ni nani?

Assalamu alaikum jamaa. Jana baada ya Isha pale uwanja wa Mkunguni, Lamu, kahawa ilipoa vikombeni kwa ubishi. Mmoja wetu kashikilia kwamba siasa itolewe kabisa kwenye michezo ya kimataifa. Mimi nimekataa, nikaambiwa niulete ubishi wangu hapa. Haya.

Mwaka 1966 Afrika ilisusia Kombe la Dunia kule Uingereza, kwa kuwa FIFA ilitupa nafasi moja tuigombanie na Asia na Oceania. Ghana ya Nkrumah ilikuwa mbele kabisa. Ile ilikuwa siasa tupu, na ilizaa: 1970 Morocco iliingia Mexico kwa nafasi ya Afrika yenyewe. Kwa Kombe la 2026 tumepewa tisa za moja kwa moja.

Ninachokipinga mimi ni kususia kwa kuazimwa. 1980 Marekani iliwakasirikia Wasovieti kwa kuingia Afghanistan, Rais Carter akamtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kutubembeleza tusiende Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam Nyerere hakumpokea, na waandishi wakambana: sisi tuliposusia Montreal 1976 kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu, nyinyi mlikuwa wapi? Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kenya ikabaki nyumbani. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja. Ya 1976 naielewa. Ya 1980, hebu nielezeni tulipata nini.

Nahodha wa Langoni: Ndugu yangu, mizani yako ina jiwe upande mmoja. Huyo huyo Bayi, 1976 ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, na watu walikuwa wakingoja akutane na John Walker wa New Zealand. Hakukimbia. Walker akabeba dhahabu. Sasa wewe mwambie Bayi kwamba kususia kule kulikuwa kwa haki, uone kama miguu yake itarudi kuwa ya kijana.

Binti Shela: Mwazungumza ya babu zenu tu. 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na siku nne baadaye FIFA na UEFA zikaifungia. Sawa. Mbona Israel imecheza mechi za kufuzu Kombe la 2026 kama kawaida, na Gaza tunaiona kila siku kwenye simu? Siasa siipingi, napinga upendeleo. Na msisahau letu wenyewe: mwaka huo huo FIFA ilitufungia sisi Wakenya tangu Februari hadi Novemba, ati serikali imeingilia shirikisho. Harambee Stars ikakosa hata mechi za kufuzu AFCON. Golikipa alikuwa na kesi na nani?

Mwanzisha mada: Dada, la Israel sina la kukujibu, umesema kweli. Nahodha, nakubali Bayi aliumia. Lakini mwaka uliofuata, 1977, nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kule Gleneagles, Uskoti, kuzuia michezo na makaburu. Maumivu yake yalinunua kitu. Ya Rono ya 1980 yalinunua nini?

Mzee wa Mkomani: Wanangu, mie siyajui ya Gleneagles. Najua ya mashua. Mwaka mmoja tulipanga mashua tangu saa tatu asubuhi, upepo mzuri, maji yamejaa, twangoja mgeni rasmi apige filimbi. Kaja saa saba, na hotuba ya kuomba kura. Alipomaliza maji yashapwa, mashua mbili zikakwama mchangani, mojawapo ya nahodha tuliyejua wote kwamba ndiye mshindi. Aliyepigwa picha na kikombe ni mheshimiwa.

Mwanzisha mada: Mzee, lakini mngaliondoka bila yeye, hiyo nayo si siasa?

Mzee wa Mkomani: Mwaka uliofuata tuliondoka bila yeye. Kikombe hakuleta. Tukashindania mbuzi, na upepo tuliuwahi.