"Mpeni soda huyo, ana kiu": hivi ndivyo nilivyojibiwa na diwani leo mbele ya mtaa mzima

Fundi wa Bondeni:

Wakuu, nimetoka mkutanoni sasa hivi. Viatu sijavua, matope bado mabichi, mkono unatetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Jina lake sitaji. Mnamjua. Ni yule yule mwenye gari jeupe ambalo huwa linaachwa juu kwenye lami kwa sababu lenyewe haliwezi kushuka kwetu. Leo kaitisha mkutano wa kutoa taarifa ya utekelezaji wa ahadi. Tumetangaziwa saa nane mchana, kaja saa kumi na robo, wapambe wengi kuliko wapiga kura. Turubai, viti vya kukodi, spika mbili kubwa kama makabati, na kreti za soda zimepangwa kama ukuta. Naapa zile kreti zingetupwa mtoni kwetu, pale tusipo na kivuko, tungevuka leo leo na nyingine zingebaki za harusi.

Kasoma taarifa dakika arobaini. Katuhesabia madarasa ya pesa za UVIKO za 2021, ule mkopo wa trilioni 1.3 ambao nchi nzima ilijengewa madarasa, anayasoma kwa sauti nzito utadhani kauza ng'ombe wa baba yake. Wapambe makofi. Kasoma zahanati ambayo iko kata ya jirani. Makofi. Kasoma taa za barabarani, na hapo jua lilikuwa linazama na hakuna taa hata moja iliyowaka. Makofi.

Maswali yakafika. Nikanyoosha mkono.

Sasa naomba mnielewe. Mimi ni fundi cherehani, nina daftari la vipimo. Mbele nyonga na urefu wa mikono, nyuma kabisa ukurasa wa mwisho niliandika ahadi zake Septemba 2020 siku alipokuja kuomba kura, amesimama juu ya meza ya muuza mihogo. Niliandika kwa kalamu ya bluu neno kwa neno: "Mkinipa kura, Pasaka mtavuka kwa zege." Kivuko! Kivuko kimoja tu cha miguu, hatua kumi na tisa, nimezihesabu mwenyewe. Pasaka tano zimepita. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilibeba zile mbao mbili tulizokuwa nazo, tukalaza nguzo kuukuu ya umeme, ndiyo tunatembelea hadi leo. Masika haya vijana wanabeba watu mgongoni kwa shilingi 500. Binti yangu wa darasa la tatu anakwenda shule kashika viatu mkononi na sketi kaikunja kiunoni, akifika ng'ambo anapangusa miguu kwa majani ndipo avae soksi. Kila siku! Siku nisipokuwa na mia tano namvusha mwenyewe, maji yakinifika hapa kwenye mkanda.

Basi nikasoma. Mheshimiwa akasema kivuko si kazi yake, ni ya TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mheshimiwa, TARURA imeanza 2017. Wewe umetuahidi 2020. Ulikuwa hujui au ulitudanganya?"

Kimya. Hata yule kijana wa spika akapunguza muziki.

Akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu. Mkononi mwangu, jamani! Akanitazama juu mpaka chini, akageukia wapambe: "Mpeni soda huyo, ana kiu."

Na wakaleta! Kijana kaifungua mbele yangu, povu likamwagikia daftari, ukurasa ule ule wa ahadi, wino wa bluu ukachuruzika. Watu wakacheka. Mtaa mzima ukacheka. Nimewaona kwa macho yangu wanaocheka ni wale wale ninaopishana nao juu ya ile nguzo asubuhi, mmoja wiki iliyopita nimemshika mkono asitumbukie.

Mtu mzima, nina watoto watatu, nauliza njia ya mwanangu kwenda shule, naambiwa nina kiu. Mpeni soda huyo! Miaka mitano nimesubiri zege nimepewa soda!

Wasimamizi msiunganishe uzi huu na ule wa foleni.

Mzee wa Kahawa:
Pole mkuu. Soda gani?

Fundi wa Bondeni:
Mzee wangu, katika yote niliyoandika hilo ndilo swali?

Mzee wa Kahawa:
Nauliza kama ilikuwa ya baridi. Maana kama ilikuwa ya moto hapo kakudharau mara mbili.

Dada wa Segerea:
Mimi ningemwagia suti yake palepale wanikamate. Eti ana kiu! Wa kwetu alituahidi soko, tukapewa bango la "Hapa patajengwa soko". Bango lenyewe likaibwa na wauza vyuma chakavu. Nikija mkutanoni naye atanipa nini, karanga?

Kiberiti cha Moto:
Tuambie ukweli. Ulikunywa hukunywa?

Fundi wa Bondeni:
Sikunywa. Niliiweka chini ya kiti nikaondoka. Hasira ilinijaa mpaka kooni, hiyo soda ingepita wapi?

Kiberiti cha Moto:
Chupa ilibaki chini ya kiti peke yake? Dar hii? Haya, tumekubali.

Mpambanaji Halali:
Ndugu, tuwe wakweli. Diwani halipwi mshahara, ana posho tu. Mfuko wa jimbo unasimamiwa na mbunge. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, anapeleka hoja kwenye baraza la madiwani, baraza linapanga bajeti, mkurugenzi anatekeleza. Hana fungu la zege mfukoni. Wananchi tujifunze mipaka ya majukumu kabla ya kulaumu viongozi.

Fundi wa Bondeni:
Mimi nilimtuma aahidi? Nilimshika shingo juu ya ile meza ya mihogo? Kama hana fungu angesema, "Ndugu zangu, kivuko sina uwezo nacho, nitawapelekea hoja barazani." Baraza linakaa kila miezi mitatu, angerudi atuambie wamekataa mara ngapi, tungemheshimu. Hakusema hivyo. Alisema Pasaka mtavuka kwa zege. Na leo kasema mpeni soda.

Dada wa Segerea:
@Mpambanaji Halali wewe ndiye uliyeifungua hiyo soda?

Mpambanaji Halali:
Tusivunjiane heshima.

Bodaboda Mstaarabu:
Hahaha kamjibu! Mkuu mimi huko kwenu nilikataa kuja tangu 2022. Abiria akiniambia bondeni namwambia nakufikisha lami, kuanzia hapo wewe na Mungu wako.

Mama wa Vikundi:
Afadhali nyie mmepata hata soda. Sisi kikundi chetu cha akina mama tuliomba ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Tukajaza fomu, tukafungua akaunti, tukapiga picha sita sita. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo. Tukasubiri. 2024 ikarudi, tukaenda mbio na fomu zetu, tukaambiwa hizo za zamani, jazeni upya, leteni picha nyingine. Tumejaza. Kila nikienda pale ofisini nakuta mhusika yuko semina. Mwenzetu mmoja aliyekuwa kwenye picha za kwanza ameshafariki, jamani, na mkopo hatujauona. Mimi nikimwona wa kwetu hata simsalimii.

Kiberiti cha Moto:
Mama pole sana. Ila hilo anzisha uzi wako, hapa tuko kwenye soda.

Mtoto wa Temeke:
Na hela ya taka je? Kila mwezi kijana wa risiti hakosi hata anyeshewe, gari lenyewe la taka ukiliona unaweza kuomba dua likakubaliwa. Mvua ikinyesha watu wanamwaga mtaroni, mtaro unaziba, maji yanaingia ndani, halafu tunamsingizia El Nino.

Bodaboda Mstaarabu:
Wanaomwaga ni nyie nyie.

Mtoto wa Temeke:
Sijawahi hata siku moja. Usinitafute.

Fundi wa Bondeni:
Wakuu, nieleweni jambo moja tu. Kama angenijibu vibaya kwa maneno ningelala. Lakini kuninyang'anya kipaza sauti na kuagiza niletewe soda kama mtoto anayelia msibani! Na bado nasikia wamerekodi, ipo kwenye makundi ya mtaa. Binti yangu kaiona kwa simu ya jirani, kaniuliza, "Baba, ulikuwa na kiu kweli?" Nimekosa la kumjibu.

Dada wa Segerea:
Duh. Hapo umeniumiza kaka.

Shahidi wa Macho:
Mimi nilikuwepo. Ni kweli kabisa, hajaongeza chumvi. Tena kasahau, baada ya hapo mheshimiwa akasema "mwingine mwenye kiu?" na mikono ikanyooshwa zaidi ya ile ya maswali. Kreti zikaisha dakika tano, mkutano ukaisha dakika sita. Na mimi nilicheka, fundi, nakuomba radhi. Nilicheka kwa sababu wote walicheka.

Fundi wa Bondeni:
Ahsante kwa kusema. Hukunitendea haki lakini umekuwa muungwana.

Mteja wa Idi:
Ngoja kwanza. Fundi wa bondeni, mwenye mwavuli wa bluu pale kona ya mashine ya kusaga?

Fundi wa Bondeni:
Ndiyo mimi. Kwani vipi?

Mteja wa Idi:
SURUALI YANGU. Nimekuletea kitambaa siku kumi kabla ya Idi. Uliniambia Ijumaa. Ijumaa nikaja ukaniambia bado pindo. Nimeswali Idi na suruali ya kazini, wewe unakuja humu kulia na ahadi hewa?

Kiberiti cha Moto:
MPENI SODA HUYO!!!

Bodaboda Mstaarabu:
Uzi umepinduka, jamani nimeanguka kwenye pikipiki.

Fundi wa Bondeni:
Ndugu yangu, suruali yako ipo, imebaki vifungo tu. Umeme ulikatika wiki ile yote na wewe ulikuja ukaona. Nilikukosea, njoo kesho uichukue, hela iliyobaki usinipe. Lakini usilinganishe. Wewe ulipokuja kudai nilikunyang'anya simu? Nilikuambia una kiu?

Mteja wa Idi:
"Njoo kesho."

Dada wa Segerea:
Mafundi wote ni chama kimoja. Wangu alinishonea gauni la kitchen party, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, nikamuuliza, kanijibu ndiyo mtindo wa sasa. Nilisimama ukumbini nimekunja mkono kama askari hadi watu wakauliza nimevunjika.

Mama wa Vikundi:
Na ile tabia ya kuvaa vitambaa vya wateja! Kitenge changu nimekiona kwenye send-off Mwananyamala kimevaliwa na mke wa fundi. Kimempendeza mpaka nikashindwa kugomba.

Mtoto wa Temeke:
Bora fundi nguo. Fundi ujenzi wangu kachukua hela ya mifuko kumi ya saruji, hadi leo nasikia yuko Kigoma kwenye msiba. Msiba wa mwaka wa pili huo.

Fundi wa Bondeni:
Wakuu naomba turudi. Mada ni kivuko. Kesho mvua ikinyesha watoto hawavuki.

Mzee wa Kahawa:
Tupo pamoja fundi. Sasa hiyo suruali ya kijana vifungo ni vinne au zipu?

Dada wa Segerea:
Jamani nisaidieni, shule zinafungua Julai. Nani ana fundi wa sare wa uhakika Kariakoo, asiye wa njoo kesho?

Mama wa Vikundi:
Ninaye mmoja mtaa wa Kongo, ghorofa ya pili. Nicheki faragha. Ila usimlipe yote.