Magoti yanauma nikirudi kutoka Mikindani kwa baiskeli

Wazee wenzangu, nina miaka 63, na kila Jumamosi alfajiri huendesha baiskeli kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, takribani kilomita 10, lakini nikirudi magoti huniuma. Je, nifupishe safari?

Jibu: Kaka, kabla ya kufupisha, pima tandiko, kwani likiwa chini mno goti hubaki limekunjika, ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka.

Jibu: Kusi likivuma, unarudi ukiukabili upepo, kwa hiyo tumia gia nyepesi. Mnyororo nao ufutwe na kutiwa mafuta, maana chumvi ya bahari haina huruma.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimelipandisha vidole viwili. Kumbe nilikuwa nimekaa kama mtoto.