Soketi ya hita imefichwa nyuma ya tangi, halafu naambiwa ninunue hita mpya! Watengeneza kempa wa Mwanza, hii hapana

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira na simumunyi maneno.

Kuna karakana hapa Mwanza, jina nalihifadhi, inayogeuza Hiace na Coaster kuwa magari ya kulala. Niliwapa Hiace yangu ndefu wanitengenezee kempa ya kukodisha kwa wageni wanaotokea Mwanza kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Kitanda, sinki, bafu dogo kwa nyuma, na hita ya maji ya lita 10, wati 1500, ya kutumia gari likichomekwa kwenye umeme wa kambini. Useremala wameuweza, hilo nawapa. Kwenye umeme wametufanyia unyama.

Soketi ya hita wameifunga nyuma ya tangi la hita yenyewe, kwenye kona ya tairi la nyuma, chini ya kitanda. Mkono haupiti, hata wa mtoto. Ukitaka kuifikia toa godoro, fungua mbao za kitanda na skrubu zake zote, mwaga maji ya tangi, legeza mabomba, vuta tangi mbele. Hapo ndipo unaiona plagi. Na hakuna swichi ya kuzima hita peke yake! Ukitaka kuizima unazima gari zima, pamoja na friji na chaja ya betri.

Na asije mtu hapa kuniambia wageni waoge ziwani. Mwambao wetu una kichocho, sote tunajua. Siwezi kumwambia mama wa watu aingize wanawe majini kwa sababu fundi alificha soketi.

Hita ikagoma kambini, karibu na Lamadi, mwezi wa saba, upepo wa ziwa unavuma na familia ya wageni inasubiri maji ya moto. Napiga simu karakana, jibu: "Bosi, imekufa hiyo. Lete gari tukufungie nyingine." Hajaiona, hajaipima, ameshaizika. Namwambia wageni wanaoga nini usiku huu, ananiambia niiunganishe kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Wati 1500 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 125, na hapo sijahesabu zinazopotea kwenye inveta yenyewe. Betri ya ndani ya kempa inabeba mzigo huo kwa muda gani? Huyu ndiye niliyemkabidhi umeme wa gari langu.

Tuliporudi mjini nikampelekea gari kijana mmoja fundi umeme wa Nyakato. Naeleza alichofanya kwa urefu kwa sababu wengi wetu tunauziwa hita mpya bila kupimiwa chochote.

Alianzia mbali na hita, kwenye kebo ya kuchomekea. Umeme ulikuwa unafika vizuri mpaka kwenye boksi la breka. Iliyokuwa inashuka ni ile breka ya kulinda mtu asipigwe shoti, ya miliampea 30. Unaipandisha, inakaa kidogo, inashuka. Akachomoa friji, akachomoa chaja, akazima taa, bado inashuka. Umeme unavuja upande wa hita, basi. Lakini unavujia kwenye hita yenyewe, kwenye waya au kwenye soketi?

Hapa ndipo damu inanichemka. Jaribio la kwanza la kifaa chochote cha umeme ni kuchomoa plagi yake. Ukichomoa na breka ikatulia, tatizo ni kifaa. Ikiendelea kushuka, tatizo liko kwenye waya au soketi. Mtu yeyote analiweza hilo akiwa porini, bila mita na bila fundi. Karakana ilininyang'anya jaribio hilo siku ilipoisukuma soketi nyuma ya tangi.

Kijana akaizunguka. Alichomoa kebo ya gari kabisa, akafungua kifuniko cha mbele cha hita, akatoa nyaya kwenye elementi, ile sehemu inayopasha maji, na kuipima. Om 35. Akanionyesha hesabu: 230 mara 230, gawa kwa 1500, unapata 35 na pointi kidogo. Elementi nzima! Ingekuwa imekatika mita isingesoma kitu. Akapima kwa mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, kati ya elementi na bodi ya hita, hakuna kuvuja. Kitufe cha usalama cha thamostati hakikuwa kimeruka. Hita niliyoambiwa imekufa ilikuwa hai na nzima.

Ndipo tukabomoa kitanda. Plagi imebadilika rangi, plastiki imeyeyuka upande wa laivu, ule waya wenye moto. Ndani ya soketi skrubu imelegea na waya unacheza, tena ni ule waya mgumu wa kiini kimoja wa kutandaza ukutani. Hita hii inavuta ampea 6.5 tu, na soketi ni ya 13. Mzigo haukuwa mkubwa. Ila hata ampea hizo zikipita kwenye kiungo kilicholegea zinazalisha joto la kuyeyusha plastiki, na gari linalotikisika kila siku litaulegeza waya wa namna hiyo. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa magari ya kulala, IEC 60364 sehemu ya 721, kinataka waya wa nyuzi nyingi, usiopungua milimita za mraba 1.5. Si siri ya mtu.

Kuna baya zaidi. Maji yakipashwa moto yanatanuka, na valvu ya usalama ya tangi inadondosha kidogo. Ndiyo kazi yake. Bomba la valvu hiyo lilitakiwa litoke nje kupitia sakafu. Wao wamelikata fupi, linaishia ndani, juu ya soketi. Matone ya maji juu ya volti 230, chini ya kitanda wanacholalia watoto, mahali ambapo hakuna jicho linalofika! Ile breka ndogo ndiyo iliyotuokoa, na yule bwana kwenye simu hata hakuniuliza kama imeshuka.

Nikawatumia picha. Jibu lao: barabara zetu mbovu. Kempa ni gari la barabarani. Kama hawawezi kufunga nyaya zinazohimili barabara ya kwenda Ndabaka, wafunge nyaya za majumba.

Tumetengeneza kwa pesa yangu. Soketi imehamia mbele, mlango umekatwa ubavuni mwa kitanda, hita imepata swichi yake inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, waya ni wa nyuzi nyingi, bomba la valvu linamwaga nje chini ya gari. Kazi haikuwa kubwa. Wangeweza kuifanya tangu mwanzo.

Ninachodai ni gharama hiyo, pamoja na fedha niliyowarudishia wageni. Na nataka kumjua fundi aliyefunga umeme ule, aonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Wenye magari yaliyotengenezwa kanda hii, nawaomba kabla hamjalala tena humo ndani, chomoeni kebo ya nje, mulikeni nyuma ya tangi, mwone bomba la valvu linaishia wapi. Kama mlimwaga maji ili mfike huko, msiwashe hita kabla tangi halijajaa tena, elementi ikiwaka kavu inaungua. Mkikuta kama kwangu, wekeni picha hapa hapa, nikienda kuwadai nisiende na gari langu peke yake.